Vita Vinapoingia Kikapuni

Ukisimama pale njia panda ya Kombani, mahali barabara ya kupanda Kwale inapoachana na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, utayaona malori yakipita mchana na usiku. Yamebeba unga, sabuni, mafuta, magodoro na kila kitu ambacho sisi hapa twakitumia lakini hatukitengenezi. Vingi vyatoka bandarini Mombasa, vimevuka kwa feri ya Likoni au, tangu mwaka 2024, vimezunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Vingine vyatoka upande wa pili, Tanzania. Vita ninavyotaka kuvieleza katika makala haya havikupiganwa Kombani. Lakini vilifika, na vilikuja kwa barabara hii hii ya malori, vikashukia dukani, vikaingia ndani ya kikapu cha mama.

Nimechagua jambo hili kwa sababu sisi wanafunzi ndio hutumwa dukani. Ukirudi na mafuta kidogo kuliko ya jana, wa kwanza kuulizwa ni wewe. "Zingine ziko wapi?" Nawe huna la kujibu ila kusema, "Bei imepanda." Ndugu mwenye duka naye akiulizwa hujibu, "Ni vita." Basi mambo yakaishia hapo. Huenda ni vita kweli, na huenda ni tamaa. Yafaa tujue kutofautisha.

Tuanze mbali kidogo. Vita Vikuu vya Pili vilianza mwaka 1939, lakini huku pwani uchungu wake hasa ulionjwa baada ya Desemba 1941, Japani ilipoingia vitani. Utauliza, Japani na sisi wapi na wapi? Jibu liko kwenye nguo. Katika miaka ya 1930 nguo nyingi za bei nafuu zilizouzwa Afrika Mashariki zilitoka Japani. Meli zilipokoma kuja, mtu wa kawaida alijua kwamba shuka aliyo nayo ndiyo hiyo, aitunze. Machi 1942 Wajapani wakauteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma, ambao Unguja na pwani nzima ilikuwa imeuzoea, nao ukakatika. Mwezi uliofuata manowari za Waingereza zilizokuwa Ceylon zikahamishiwa Kilindini. Yaani bandari ile ile isiyoleta mchele sasa imejaa mabaharia na askari, nao wanataka kula! Juu ya hayo mvua za 1942 zikakosekana, na mwaka 1943 njaa ikaenea Kenya, hata serikali ya kikoloni ikaunda tume ya kuchunguza upungufu wa chakula.

Serikali iliweka bei rasmi na mgawo. Mishahara haikukimbia sambamba na bei. Oktoba 1942 wafanyakazi wa reli mjini Mombasa waligoma kwa sababu ya ugumu wa maisha. Na Januari 1947, vita vimekwisha zamani, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waligoma na mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Hilo ndilo jambo la kukumbuka juu ya vita vile: vita huisha kwa tarehe inayoandikwa vitabuni, lakini bei haina tarehe ya kurudi nyumbani.

Sasa hebu tufuate barabara yetu kuelekea kusini. Pita Ukunda, Msambweni na Ramisi, utafika Lunga Lunga, na ng'ambo ya mpaka ni Horohoro. Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka huu, nao ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia eneo la Kagera. Tanzania ikajibu kwa vita, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jeshi lilishinda. Lililoshindwa ni duka.

Kwa nini? Malori yaliyokuwa yakisomba bidhaa yalichukuliwa kwenda kusomba askari na silaha. Fedha za kigeni ambazo zingenunua malighafi za viwandani na vipuri zilinunua risasi. Mwaka huo huo wa 1979, baada ya mapinduzi ya Irani, bei ya mafuta ya petroli ikapaa duniani kote. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda ikabaki pale pale, na uhaba ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980.

Ni haki pia kusema kwamba vita havikuwa peke yake. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, ambayo ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili biashara ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za mikoa. Kwa hiyo vita vilipokuja vilikuta duka tayari lina homa.

Basi kwenda kununua vitu vya nyumbani ikawa kazi ya kutwa. Mtu hakwenda dukani kununua anachotaka, alikwenda kuona kilichopo. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa ya meno, viberiti, betri za redio, khanga (sisi hapa twasema leso), vyote vilikuwa vya kuvizia. Habari ikivuma kwamba kuna mzigo umeshushwa, foleni inaanza. Ukiikuta foleni unaingia kwanza, halafu ndipo unamuuliza aliye mbele yako, "Jamani, wanatoa nini?" Na hili neno "foleni" lenyewe, wataalamu husema asili yake ni amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstarini. Kumbe hata lugha yetu inajua kwamba foleni na vita ni ndugu! Waliokosa sabuni walifulia majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani uliitwa "yanga" kwa sababu ya rangi ya timu ya Yanga, na mashabiki wa Simba nao waliula vivyo hivyo, wangefanyaje?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hivyo tutulie kidogo. Tanzania tangu mwaka 1973 ilikuwa na Tume ya Bei, iliyopanga bei za bidhaa nyingi sana. Nia ilikuwa njema: mnyonge asinyonywe. Lakini chukua mfano. Tuseme mche wa sabuni bei yake rasmi ni shilingi 10. Miche iliyoletwa ni 50 na wanaoitaka ni watu 300. Miongoni mwa hao 300 wapo walio tayari kutoa shilingi 40. Sasa wewe ndiwe mwenye kushika ufunguo wa stoo. Wangapi kati yetu wangeiweka miche yote 50 mezani? Mitano itaonekana, mingine itatoka kwa mlango wa nyuma. Bei rasmi ya shilingi 10 inabaki pale ukutani, imeandikwa kwa chaki nzuri, lakini anayeipata ni shemeji ya mwuzaji, rafiki ya bwana mkubwa, na yule aliyelala mlangoni tangu usiku. Mama mwenye mtoto mgonjwa, asiyeweza kulala mlangoni, hununua kwa 40 au hafui.

Kutoka hapo tulipata maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Kulangua ni kukusanya kitu wakati wa uhaba ili ukiuze kwa bei ya kuumiza. Magendo ni biashara ya siri inayokwepa sheria, hasa ile ya kuvusha mpaka. Mlanguzi aweza kukaa dukani kwake asitoke. Mfanya magendo lazima atembee. Uganda ya Amin nako magendo yalitia fora, maana baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 maduka yao waligawiwa watu ambao baadhi yao hawakujua biashara. Kuna kisa husimuliwa mpaka leo cha mwuza shati aliyesoma namba ya ukosi akadhani ndiyo bei. Kama ni kweli au ni chumvi, kinaonyesha jinsi duka linavyokufa.

Kwetu huku magendo yalikuwa na sura ya ukoo. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na ule mstari uliochorwa na wakoloni haukumtenga mtu na shangazi yake. Mpaka umefungwa, ndiyo, lakini njia za panya hazina geti. Bidhaa za Kenya zilivuka huko. Kwa askari wa mpakani aliyevusha alikuwa mhalifu, na kwa aliyekuwa akifulia majani ya mpapai alikuwa mgeni wa kupikiwa kuku.

Machi 1983 serikali ya Tanzania, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa. Husimuliwa kwamba wenye bidhaa waliingiwa na hofu wakazitupa usiku vichakani na majini. Hebu fikiria, sabuni iliyokuwa haionekani inaelea baharini! Maoni yangu ni kwamba msako ule uliwatia adabu baadhi ya walanguzi, lakini haukutengeneza mche mmoja wa sabuni. Bidhaa zilianza kurudi mwaka 1984 waliporuhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuingiza vitu, na zaidi katika enzi ya Rais Mwinyi, aliyeingia mwaka 1985 na kupewa jina la Mzee Ruksa. Zilirudi, ila zilirudi na bei zake. Wengi walisimama mbele ya rafu zilizojaa, mikono mitupu. Huo nao ni uhaba, ila umehamia mfukoni.

Sasa tuje karibu, kwenye vita ambavyo sote twavikumbuka. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili huuza ngano nyingi sana duniani, na Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake. Tena Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza ulimwenguni kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Yalipokosekana, wanunuzi wa dunia nzima wakakimbilia mafuta ya mawese, ambayo ndiyo sisi twayapikia. Indonesia, muuzaji mkubwa wa mawese, ikaona watu wake watakosa, ikafunga kuuza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022. Umeona mnyororo huo? Alizeti imekosekana Ulaya, mawese yamefungiwa Asia, na mama wa Kombani anaambiwa bei ya chupa ya lita moja imepita Sh300. Mwenye duka aliposema "ni vita" hakuwa mwongo.

Unga nao, kwa ukame wa hapa nyumbani pamoja na bei ya mbolea na ya mafuta ya gari, ulipita Sh200 kwa pakiti ya kilo mbili. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza kwamba pakiti hiyo itauzwa Sh100 kwa muda wa wiki nne. Mwajua yaliyotokea. Sehemu nyingi pakiti za Sh100 zilikuwa habari ya redioni tu. Palipopatikana, mtu aliruhusiwa moja au mbili. Ni ule ule mche wa sabuni wa shilingi 10! Bei rasmi bila mzigo wa kutosha nyuma yake huwa ni karatasi. Septemba ruzuku ya mafuta ikapunguzwa, na mafuta ya taa, ambayo bado nyumba nyingi huyatumia, yakapanda kwa Sh20 kwa lita mara moja. Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa Kenya ulifika asilimia 9.6, na upande wa chakula ulikuwa zaidi ya asilimia 15.

Lakini hizo asilimia hazimwelezi mnunuzi wa kupima, naye ndiye mnunuzi wa kawaida hapa kwetu. Tumsikilize:

"Ami, nipe mafuta ya ishirini."

"Ya ishirini hakuna tena. Yaanzia thelathini."

Ona kilichotendeka. Tuseme kipimo kidogo ni mililita 100 na kilikuwa Sh20, yaani lita moja ni Sh200. Bei ya jumla ikipanda kwa asilimia 20, kipimo kingepaswa kuwa Sh24. Ami atakurudishia vipi shilingi sita kwa kila mtoto anayekuja, nazo sarafu hazipatikani? Atafanya mojawapo ya mawili. Ama ataruka hadi Sh30, na hapo bei yako imepanda kwa asilimia 50 na si 20. Ama ataacha bei ilivyo apunguze kipimo, kwa mkono wake, kwa jicho lake. Kipimo kikipunguzwa hakuna anayetangaza redioni. Wazee wetu walipima kwa kibaba, vinne vikawa pishi, na yeyote aliweza kukagua kibaba kimejaa. Leo mkebe unaweza kubonyezwa kitako kikaingia ndani, ukajaa upesi, nawe ukaondoka ukishukuru.

Ndiyo maana nasema vita humwumiza zaidi anayenunua kidogo. Mwenye mshahara wa mwezi hununua mtungi wa lita 20, na kila lita humjia rahisi. Mwenye kibarua cha siku hununua ya leo, na ya kesho ataijua kesho. Si ujinga hata kidogo. Mfuko wake ndio ulivyo, kwani huwezi kununua mtungi kwa pesa ambayo bado hujalipwa. Kwa hivyo wanaomwambia "nunua kwa wingi" wanamcheka.

Kuna njia ambayo akina mama wengi huitumia, nayo naiona bora kuliko hotuba. Tuseme mtungi wa lita 20 ni Sh5,400. Majirani kumi wa chama wakitoa Sh540 kila mmoja, kila mmoja apata lita mbili. Kwa kipimo cha Sh30 kwa mililita 100, lita mbili zingemgharimu Sh600. Amebaki na Sh60, nayo ni nauli ya mtu au vitabu viwili vya kuandikia. Kazi ni uaminifu na kipimo kimoja kinachoonekana na wote. Hesabu hiyo hiyo yafanyika kwa gunia la mchele au katoni ya sabuni.

Ila chama kisigeuke ghala. Watu wakisikia vita, kila nyumba hununua mara tatu ya haja yake, na rafu hukauka hata kama mzigo ulikuwa wa kutosha. Tena hofu ni mshauri mbaya wa bei. Bei ya mawese duniani ilifika kileleni kati ya Machi na Aprili 2022, kisha kufikia Julai ilikuwa imeanguka sana. Aliyejaza mitungi ndani Aprili alinunua ghali. Madukani bei ilishuka kwa kuchechemea, kwa sababu mwenye duka naye alikuwa na mzigo wa bei ya juu hajaumaliza. Na hapa ndipo pa kumjua mwenye tamaa: muulize mzigo huu aliuleta lini. Aliyepandisha bei ya mzigo wa zamani siku ile ile ya habari za vita, lakini akakataa kuishusha mzigo mpya wa bei nafuu ulipofika, huyo vita vyake ni vya mfukoni mwake.

Kwa mafuta, sisi wa Kwale tuna bahati kidogo. Mnazi haujui Ukraine wala Indonesia. Siku za mafuta ghali, mchuzi wa tui ulirudi heshima yake, na mboga za kukaanga zikawa za kuchemsha na nazi. Lakini sabuni haioti mtini, na majani ya mpapai, kwa waliojaribu, hayana povu la kujivunia.

Mwisho niirudie ile barabara ya kusini. Zamani zile sabuni ilitoka Kenya kwa njia za panya kwenda kwa shangazi Tanzania. Leo mpaka una kituo kimoja cha pamoja cha forodha, na malori ya mchele, vitunguu na machungwa ya Tanzania yaja huku mchana kweupe, na mnunuzi wa Lunga Lunga huuliza kwanza bei ya Horohoro kabla ya kufungua mkoba.